Chumba cha daraja la juu melini kinapogeuka majuto

Barua hufika majuma mawili au matatu kabla ya safari, wakati masanduku yameanza kupangwa na jamaa wamekwisha kuarifiwa. Ndani yake, kampuni ya meli ya kitalii humpongeza abiria kwamba chumba alicholipia kimebadilishwa na kwamba amepandishwa daraja bila malipo, au kwa nyongeza ndogo tu. Aliyelipia chumba chenye dirisha sasa atakuwa na roshani yake mwenyewe juu ya bahari. Ni nadra mtu kupokea habari kama hizo akauliza swali.

Maswali huja siku ya kuabiri, mlango unapofunguliwa. Chumba kile cha awali kilikuwa katikati ya meli, kwenye sitaha ya chini iliyo kimya. Hiki kipya kiko mbele kabisa, karibu na mnyororo wa nanga, au kimekaa chini ya bwawa la kuogelea ambako viti vya kuotea jua huburutwa tangu alfajiri. Bahari ikichafuka, kitanda hupanda na kushuka usiku kucha. Mwenye chumba hukumbuka dirisha lake la zamani na kujiuliza ni zawadi gani hiyo aliyotunukiwa.

Malalamiko ya aina hii ni ya kawaida mno katika utalii wa melini, na aghalabu hayatokani na udanganyifu. Chanzo chake ni kwamba kampuni na abiria hupima ubora wa chumba kwa mizani miwili tofauti. Kampuni hutazama bei ya kundi ambalo chumba kimewekwa. Abiria, hasa usiku wa kwanza wa mawimbi, hupima mahali chumba kilipo ndani ya meli.

Kwa msomaji wa Kenya jambo hili si geni kama lingalivyodhaniwa. Meli za kitalii zimekuwa zikitia nanga Mombasa kwa miongo mingi, ingawa biashara hiyo ilidorora baada ya maharamia kuishambulia Seabourn Spirit katika maji ya Somalia mnamo Novemba 2005, meli hiyo ikiwa njiani kutoka Alexandria kuelekea Mombasa. Iliponea chupuchupu na kukimbilia Ushelisheli. Meli kubwa zilianza kurejea miaka mingi baadaye, mojawapo ikiwa Norwegian Dawn iliyowasili mwanzoni mwa 2023 ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Aidha, safari za aina hii huanzia pia Durban na Dubai, miji ambayo Mkenya huifikia kwa ndege ya saa chache, huku Wakenya wanaoishi Marekani na Uingereza wakiwa karibu zaidi na bandari kuu za biashara hiyo.

Vyumba vya meli ya kitalii hugawanywa katika makundi makuu manne. Cha bei nafuu zaidi ni chumba cha ndani kisichokuwa na dirisha. Kinafuatwa na chumba chenye dirisha lisilofunguka, kisha chenye roshani, na juu kabisa kuna vyumba vya kifahari vyenye sebule. Lakini mgawanyo huo ni wa nje tu. Kila kundi hugawanywa tena katika vikundi vidogo vinavyotambulishwa kwa herufi na nambari, hivi kwamba meli kubwa huweza kuwa na zaidi ya bei 20 tofauti kwa safari ile ile.

Ukubwa wa meli za siku hizi ndio uliozidisha utata. Icon of the Seas, iliyoanza safari za abiria Januari 2024, ina sitaha 20, urefu wa mita 365 na vyumba 2,805, na huweza kubeba abiria 7,600 ikijaa pomoni. Katika mji kama huo unaoelea, vyumba viwili vyenye samani sawa huweza kuwa mbali na kila kimoja kama mitaa miwili ya Nairobi, kimoja juu ya ukumbi wa dansi, kingine kwenye ujia usiopitwa na mtu.

Kutokana na mgawanyo huo, barua nyingi za pongezi humpandisha abiria ndani ya kundi lile lile. Anatoka kwenye roshani ya kikundi cha chini na kupelekwa kwenye roshani ya kikundi cha juu. Kitanda ni kile kile, bafu ni lile lile na kochi halijaongezeka hata shubiri moja. Kilichobadilika ni sitaha, na sitaha ya juu huuzwa ghali zaidi kwa kuwa iko karibu na mabwawa na mikahawa. Mtu aliyetaka utulivu atakuwa amepandishwa kuelekea kwenye kelele.

Kwa nini kampuni itoe zawadi? Jibu liko kwenye hesabu. Chumba kitupu meli inapong'oa nanga ni hasara isiyoweza kufidiwa, na abiria aliyemo melini huendelea kutumia fedha kwenye baa, maduka, kasino na ziara za nchi kavu. Kwa hivyo kila kampuni hujitahidi kuondoka ikiwa imejaa. Biashara hii huhesabu ujazo wa meli kwa watu wawili kwa kila chumba, na kwa sababu baadhi ya vyumba hulaza watoto pia, kampuni huripoti ujazo unaozidi asilimia 100 bila ya mtu kulala ujiani.

Vyumba vya bei ya chini ndivyo huuzika upesi siku za mwisho. Vya bei ya juu husalia. Kampuni ikimwondoa abiria kwenye chumba chake cha bei nafuu na kumpeleka juu, hupata chumba cha kumuuzia mteja mwingine anayetafuta bei hiyo. Aliyepandishwa daraja amefanyiwa hisani, ni kweli, lakini hisani hiyo ilianza kwa haja ya kampuni kukipata chumba chake. Na chumba cha juu anachopewa mara nyingi ni kile ambacho wateja waliokuwa na hiari ya kuchagua walikiona kwenye ramani wakakiacha.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni wanaonunua kwa utaratibu wa dhamana ya kundi. Hapa abiria hulipa bei nafuu, akahakikishiwa kundi la chini kabisa atakalopewa, ila nambari ya chumba huchaguliwa na kampuni wakati wowote kabla ya safari. Ni biashara ya haki kwa mtu asiyejali atalala wapi. Matatizo huanza pale mnunuzi anapojali sana lakini akavutiwa na bei.

Bahari haitambui daraja

Chombo chochote baharini huenda mienendo miwili mikubwa. Huinama na kuinuka kutoka omo hadi tezi, na hulala upande mmoja kisha mwingine. Mwendo wa kwanza huwa mkali zaidi kwenye ncha zote mbili za chombo na mdogo kabisa katikati, kama ubao wa pembea wa watoto. Mwendo wa pili huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu. Hivyo basi mahali patulivu kuliko pote ni katikati ya meli, karibu na usawa wa maji.

Mabaharia wa pwani walilijua hilo kabla ya meli za chuma. Msemo wao kwamba uende tezi na omo marejeo ni ngamani hutumiwa na wengi kwa maana ya mbali, lakini ngama ni mahali halisi chini ndani ya jahazi, panapokusanyika maji ya kukumbwa. Wenye meli za kitalii wamejenga vyumba vya kifahari pengine kote. Vyumba vya bei kubwa huwekwa juu, na mara nyingi mbele au nyuma kabisa kwenye mandhari mapana, yaani kule kule ambako bahari husikika zaidi.

Meli za kisasa zina mapezi ya chuma yanayochomoza chini ya maji ili kupunguza kulala upande. Mapezi hayo hufanya kazi nzuri. Hata hivyo, hayasaidii sana dhidi ya kuinama na kuinuka, na ndiyo sababu abiria wa chumba cha mbele huweza kulala macho katika meli iliyosifiwa kwa uthabiti wake. Mtu anayeshikwa na kichefuchefu cha bahari akihamishwa kutoka chumba cha dirisha cha katikati hadi roshani ya mbele, sitaha tano juu, amepoteza zaidi ya alichopata. Si ajabu akazitumia jioni mbili za kwanza za safari aliyoiwekea akiba kwa miaka akiwa amekumbatia ndoo.

Kuna na kelele. Karibu na omo kuna nanga, na katika bandari ambazo meli haifungi gatini, mnyororo wake huteremshwa asubuhi kwa kishindo kinachotikisa kuta. Kuna pia rafadha ndogo za pembeni zinazosukuma meli kuingia gatini, nazo hutumika zaidi alfajiri kwa kuwa meli nyingi hupenda kufika bandarini mapema. Nyuma, mtetemo wa rafadha kubwa husikika sakafuni. Katikati kuna tatizo lake pia: lifti, ngazi na umati. Chumba chenye mlango wa ndani unaokiunganisha na cha jirani hupitisha mazungumzo, na hata mkoromo, kana kwamba ukuta haupo.

Mashua za kuokolea maisha zastahili maelezo marefu kidogo. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912 na watu wapatao 1,500 kuangamia, mataifa yalitia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini mwaka 1914, na tangu hapo hakuna mwenye meli anayeweza kufanya mzaha na nafasi za mashua. Katika meli kubwa za leo mashua hizo huning'inia ubavuni, kwenye sitaha za chini kiasi. Kila mashua huziba kitu. Chumba kilicho nyuma yake huuzwa kwa bei ndogo kikiwa kimetajwa kuwa kina mandhari yaliyozibwa, na mnunuzi makini hujua anachonunua. Lakini aliyepandishwa kutoka chumba cha ndani hadi chumba cha dirisha hakusoma maelezo hayo, kwa kuwa hakukichagua. Hufungua pazia na kukabiliwa na ubavu wa mashua wa rangi ya machungwa.

Roshani nazo hazilingani. Katika meli za jamii ya Grand Princess, ambayo yenyewe ilianza safari mwaka 1998, vyumba vikubwa vya sitaha iitwayo Dolphin vina kochi la ziada na bafu la kujinyoosha, na huhesabiwa kuwa daraja la juu kuliko roshani za kawaida. Ila roshani zake zimechomoza nje bila paa. Walio kwenye sitaha za juu huziona zote, pamoja na aliyekaa hapo kwa nguo za kulalia akinywa chai. Wapo wanaozipenda kwa sababu ya jua. Aliyezoea roshani yenye kivuli na faragha hujiona amewekwa jukwaani.

Fauka ya hayo, neno roshani lenyewe limepanuka maana. Voyager of the Seas ya mwaka 1999 ilileta vyumba ambavyo madirisha yake hutazama barabara ya maduka ndani ya meli. Miaka 10 baadaye, Oasis of the Seas ikaja na roshani zinazotazama bustani na uwanja wa michezo ya watoto katikati ya meli. Ni ubunifu wa kusifiwa, na wako wanaozitafuta. Hata hivyo, abiria aliyeambiwa amepandishwa hadi roshani na akawa akiota upeo wa bahari huweza kujikuta akitazamana na roshani ya jirani, huku muziki ukitoka chini.

Na katika baadhi ya meli, roshani humegwa kutoka kwenye nafasi ya chumba chenyewe. Chumba cha dirisha huwa kipana kuliko chumba cha roshani kilicho juu yake kibei. Familia yenye mtoto mchanga na kitanda chake cha kukunja huigundua tofauti hiyo upesi.

Hesabu ya dau

Zamani kupandishwa daraja kulitegemea bahati au simu kutoka ofisi ya kampuni. Katika miaka ya karibuni kumeingia mnada. Royal Caribbean inauita wake RoyalUp, Celebrity huuita MoveUp na Norwegian huuita Upgrade Advantage. Teknolojia ya minada kama hii hutoka kwa kampuni kama vile Plusgrade ya Montreal, Kanada, ambayo pia huyahudumia mashirika ya ndege.

Utaratibu ni mwepesi mno, na pengine wepesi huo ndio mtego. Abiria hupokea ujumbe unaomwonyesha makundi yaliyo juu ya lake, kila moja likiwa na kiwango cha chini cha dau. Anapoongeza kiasi, mshale kwenye kioo husogea kutoka sehemu dhaifu hadi sehemu yenye nguvu, mithili ya kipimo cha mafuta ya gari. Huandika nambari ya kadi yake ya benki na kusubiri. Dau likikubaliwa, fedha hukatwa papo hapo na hazirudishwi.

Hapo kuna mambo kadhaa ambayo wengi huyapita haraka. Dau huandikwa kwa kila mtu, na hutozwa watu wawili wa kwanza wa chumba. Anayetoa dola 150 ametoa dola 300. Anayesafiri peke yake pia hulipa za watu wawili, maana chumba huhesabiwa hivyo. Aidha, zipo kampuni ambazo hutoza bakshishi ya kila siku ya wahudumu kwa kiwango cha juu zaidi kwa wakaaji wa vyumba vya kifahari, hivyo mshindi wa mnada huendelea kulipa hadi siku ya mwisho.

Ya pili ni kwamba abiria huomba kundi, hachagui chumba. Aliyekuwa amechagua nambari yake miezi minane mapema, jirani na chumba cha wazazi wake wazee, huiweka nambari hiyo rehani kwa kubonyeza mara moja. Akishinda, huenda akapelekwa upande mwingine wa meli, dakika kumi za kutembea kutoka kwa mama mwenye magoti mabovu. Wazazi hawatahama pamoja naye isipokuwa dau lao pia likubaliwe.

Ya tatu huudhi zaidi kwa kuwa ingeepukika. Bei za vyumba hupanda na kushuka hadi karibu na siku ya safari. Yapo matukio ambapo nauli ya awali ukijumlisha na dau hupita bei ambayo chumba hicho hicho kinatangazwa wiki hiyo, kikiwa na uhuru wa kuchagua nambari. Asiyelinganisha hulipa zaidi kwa kupewa hiari ndogo.

Itakuwa makosa kudai kwamba kupanda daraja hakuna faida. Katika Queen Mary 2, iliyoanza kazi Januari 2004, chumba ndicho huamua mkahawa: wakaaji wa vyumba vya juu hula kwenye kumbi za Princess Grill na Queens Grill, wengine kwenye ukumbi mkuu wa Britannia. MSC nayo, tangu MSC Fantasia ya mwaka 2008, imetenga sehemu ya meli zake kwa wakaaji wa vyumba vya kifahari, wakiwa na bwawa na mkahawa wao. Anayevuka mpaka wa namna hiyo hupata safari tofauti kabisa. Majuto hayako sana kwenye hatua kubwa kama hizo. Hujificha kwenye hatua ndogo za katikati, pale abiria anapobadilisha chumba alichokijua kwa herufi nzuri zaidi kwenye tiketi.

Ubishi juu ya upande bora wa meli una umri mrefu. Hadithi mashuhuri ya Kiingereza inadai kwamba neno posh, lenye maana ya ufahari, lilitokana na herufi za kwanza za maneno yaliyoelekeza vyumba vya kushoto wakati wa kwenda India na vya kulia wakati wa kurudi, ili tajiri aepuke jua la Bahari ya Shamu. Wachunguzi wa lugha hawajapata ushahidi wowote wa tiketi zilizopigwa mhuri huo. Lakini joto la njia hiyo halikuwa hadithi. Meli za kampuni ya British India zilizobatizwa Kenya na Uganda, za mwaka 1951 na 1952, zilipita huko huko zikitoka London kupitia Suez hadi Mombasa, na wakati huo kivuli kilikuwa na thamani ambayo mashine za hewa baridi zimeifuta.

Mahakamani

Je, kuvunjika moyo kunaweza kudaiwa fidia? Mahakama za Uingereza, ambazo maamuzi yake bado husomwa na mawakili wa Kenya, zilijibu ndiyo mwaka 1972. Katika kesi dhidi ya kampuni ya Swans Tours, wakili mmoja aliyelipa pauni 63.45 kwa likizo ya Krismasi huko Uswisi alijikuta wiki ya pili akiwa mgeni pekee katika nyumba iliyoahidiwa kuwa na shangwe. Mahakama ya Rufaa ilimpa pauni 125, karibu maradufu ya alicholipa, kwa kuwa alichonunua kilikuwa burudani na hakukipata.

Mahakama Kuu ya Australia ilikubali msimamo kama huo mwaka 1993, katika kesi ya abiria wa meli ya kitalii Mikhail Lermontov iliyozama New Zealand Februari 1986. Mahakama ilisema kwamba mkataba wa safari ya starehe hubeba ahadi ya starehe, na kuvunjwa kwake huzaa fidia ya masikitiko, ingawa ilikataa abiria arudishiwe nauli yote pamoja na fidia hiyo.

Kesi iliyo karibu zaidi na suala la chumba iliamuliwa Uingereza mwaka 2010 dhidi ya Carnival. Mume na mke walilipa takriban pauni 59,000 kwa safari ya kuzunguka dunia ndani ya Queen Victoria, iliyoanza Januari 2008. Bahari ilipochafuka, chumba chao kilitetema na kupiga kelele kiasi cha kuwanyima usingizi. Walihamishwa chumba, lakini mambo hayakutengenea, na wakateremka Honolulu. Mahakama ya kwanza iliwapa pauni 22,000. Mahakama ya Rufaa ikaipunguza hadi pauni 12,000, ikikubali kwamba walitaabika na kwamba thamani ya safari ilishuka, lakini ikaona kiwango cha awali kilizidi mno.

Aliyepandishwa daraja husimama mahali pagumu zaidi kuliko wawili hao. Mikataba ya kampuni nyingi huipa kampuni haki ya kumhamishia abiria chumba cha kundi sawa au la juu. Kwenye karatasi, abiria amepokea zaidi ya alichonunua, na kelele za bwawa hazionekani kwenye orodha ya makundi. Akitaka kushtaki, atakuta pia kifungu kinachotaja mahakama ya kwenda. Mahakama ya Juu ya Marekani iliridhia vifungu hivyo mwaka 1991, ilipowafunga abiria wa jimbo la Washington, pwani ya magharibi, kwenda kushtaki Florida kwa kuwa tiketi ilisema hivyo. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 46, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 zinamlinda mnunuzi wa huduma hapa nchini, lakini mtu aliyeinunua safari moja kwa moja kutoka kampuni ya Miami huenda akajikuta na barabara ndefu.

Kwa hivyo ulinzi wa maana ni ule wa kabla ya safari. Anayejali mahali atakapolala huchagua nambari ya chumba wakati wa kununua na kumtaka wakala aandike kwenye rekodi kwamba asihamishwe, hata kwa kupandishwa daraja, bila ya idhini yake. Kampuni nyingi huruhusu alama hiyo, na mawakala wazoefu huiweka bila kuulizwa. Anayependa kuingia mnadani huufungua kwanza ramani ya sitaha na kutazama vyumba vyote vya kundi analoliombea, akiwa tayari kupewa kibaya kuliko vyote.

Ramani hiyo husomwa kwa kutazama juu na chini. Chumba kilichobanwa kati ya sitaha mbili za vyumba ndicho kimya zaidi. Sehemu nyeupe zisizoandikwa kitu kwenye ramani hazimaanishi utupu, kwani aghalabu huko ndiko ziliko jikoni, stoo na njia za wafanyakazi, nako kazi huanza saa kumi alfajiri. Barua ya kupandishwa daraja ikifika, swali la kwanza la kumuuliza wakala ni nambari ya chumba kipya. Baadhi ya kampuni hukubali kumrudisha abiria kwenye chumba chake iwapo atasema upesi, saa au siku chache baada ya tangazo.

Baada ya kuabiri, nafasi hiyo huwa imefungwa. Foleni kwenye dawati la huduma jioni ya kwanza huwa ndefu, na vijana wa pale, ambao wengi wao wametoka Ufilipino, India na Indonesia, hujibu kwa upole jibu lile lile. Meli imejaa. Wanaweza kutoa vizibo vya masikio, kuandika malalamiko, pengine kumwekea abiria dola chache za kutumia melini. Chumba kile cha dirisha, katikati ya sitaha ya chini, kimekwisha kupata mwenyewe, aliyekinunua kwa bei ya kutupa wiki iliyopita.